Vidonge Kwenye Pindo la Kitenge

Watu wa Kibondo husema nimepoa kwa sababu ya uzee. Waache waseme. Nilipoa mwaka 2013, asubuhi moja katika wodi ya watoto.

Mimi Theodosia nilikuwa muuguzi mwenye mdomo. Mama akichelewa kumleta mtoto, nilimsema mpaka wa vitanda vya jirani wakainamisha vichwa. Nilidhani nawafundisha.

Odilia, mkulima wa Mabamba, alimleta binti yake Esteri, mwenye miaka tisa. Kikohozi na homa vilikuwa vimetangulia wiki nzima, na zahanati walimpa vidonge vya Septrin. Sasa midomo yake ilikuwa imechubuka na kuganda damu, ulimi mbichi, macho mekundu na kope zimeshikana kwa usaha. Mwilini alikuwa na malengelenge machache tu.

"Vidonge ulimpa?" nikamuuliza mama.

"Nilimpa, Sista. Vyote."

Daktari Isack alimwangalia mtoto kwa muda mrefu. "Septrin imemkataa, ndiyo imemchoma hivi," akasema. "Tusimpe antibiotiki nyingine kwanza. Tukikosea tena tunamuua."

Tukabaki na dripu, na maji ya chumvi ya kumwoshea macho. Siku ya tatu mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Niliogopa sana. Niliwahi kumwona mtu aliyebambuliwa ngozi na dawa, na hakutoka hai.

Nikiwa namwosha macho, Odilia aliniuliza bila kunitazama, "Sista, mtu akimdanganya daktari anafungwa?"

"Inategemea amedanganya nini."

Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na vidonge vya Septrin, vyote, bado katika kikaratasi cha zahanati. Kikohozi alikuwa amekitibu kwa majani ya bibi yake. Vidonge alimwekea mtoto wake mdogo anayenyonya, maana zahanati dawa huisha, na mvua zikianza njia haipitiki. Wengi kwetu hufanya hivyo.

Maneno yalinijaa mdomoni. Nikayameza, nikakimbia kwa daktari.

Isack alivihesabu mara mbili. "Basi si dawa," akasema. "Dawa asiyoimeza haiwezi kumchoma. Ni ugonjwa wenyewe wa kifua. Kuna kijidudu cha nimonia ambacho huwachubua watoto wachache mdomo na macho. Nilikisoma chuoni, sijawahi kukiona." Akavirudisha vidonge kwenye kikaratasi. "Na mimi nimemnyima dawa siku tatu."

Tukampa erithromaisini ya maji, antibiotiki ya kuua kijidudu hicho, kwa mpira wa puani. Siku mbili hatukujua kama atapona au tutamzika, na Odilia hakugusa chakula. Siku ya tatu kifua kikatulia. Ya sita jicho la kulia likafunguka, kisha la kushoto, naye akaomba uji.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza Odilia kwa nini hakusema mapema, ilhali Daktari Isack hajawahi kumfokea mtu.

"Daktari sikumwogopa," akasema, huku akimfunga Esteri kitambaa kichwani. "Nilikuogopa wewe."