Chuo Kinachoruhusu Bastola

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, kitabu cha mwongozo wa chuo kilianguka mlangoni mwetu, Edmonton, kaskazini ya Landani. Ilikuwa mwaka 2007. Binti yetu, mwenye miaka kumi na minane, alikuwa amekubaliwa kusoma uhandisi katika jimbo moja la magharibi ya Amerika, na nusu ya ada ingelipwa na chuo chenyewe. Amana ya kushikilia nafasi tulishailipa. Mimi nilikuwa mpanga zamu za madereva kwenye depo ya mabasi. Sikufika mbali shuleni, lakini nina tabia ya kusoma kila karatasi mpaka mwisho. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema kwamba, kwa sheria ya jimbo, mwanafunzi mwenye kibali anaweza kubeba bastola iliyofichwa ndani ya nguo, darasani na bwenini.

Nilisoma mara tatu. Nikaenda maktaba, nikakaa kwenye kompyuta kwa muda wa saa mbili, nikachapisha hoja za pande zote. Wengine waliandika kwamba mshambuliaji haombi ruhusa, na katazo humnyang'anya silaha yule tu anayetii. Wengine waliandika kwamba penye vijana, pombe na mitihani si mahali pa kuongeza bastola. Sikuona upande uliokuwa wa wapumbavu.

Jumapili tulimpigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa malori huko Amerika kwa miaka kumi na mitano. Kwetu binti hapelekwi mbali bila neno la mjomba wake. Simu tuliiweka mezani, sauti wazi, wote tusikie. Mke wangu alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee. Binti alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Shemeji, huko kwenu polisi anatembea na kirungu na filimbi," shemeji alianza. "Ndiyo maana mnashtuka. Mimi ninayo yangu chini ya kiti. Inakaa tu, kama jeki."

"Jeki haiui mtu, kaka," mke wangu alisema.

"Ikichomoka chini ya gari inaua. Nyie sikilizeni, mwenye kibali kachunguzwa."

"Kachunguzwa siku aliyoomba," nikasema. "Siku aliyofeli mtihani atachunguzwa na nani?"

"Eh! Shemeji umekuwa wakili? Nani anakulipa?"

"Na kibali kinaanzia miaka ishirini na moja. Mpwa wako ana kumi na minane. Kwa hiyo ni kinga ya wenzake, si yake."

Shemeji aliguna. Kisha akauliza, safari hii bila mzaha, "Waliokuja kumchukua baba yako Unguja, siku za Mapinduzi, walikuwa na bunduki. Yeye alikuwa na nini mkononi?"

"Funguo za duka."

"Basi."

Siku ile nilikuwa na miaka saba. Nimejaribu mara nyingi kuiweka bastola mkononi mwa baba, na kila mara najiona mimi na mama tumesimama nyuma yake. Hilo sikulisema. Nilisema chakula kinapoa.

Simu ilipokatwa nilimgeukia binti. "Mwanangu, mimi naona tuikatae nafasi hii, usome hapa hapa Landani. Unasemaje?"

Aliangalia soksi zake. Hakutoa neno.

"Kanyamaza," mke wangu aliniambia jikoni. "Karidhia."

Ndivyo tulivyolelewa. Mke wangu mwenyewe alipoulizwa kuhusu mimi alinyamaza, shangazi yake akatoka chumbani akatangaza kwamba bibi harusi ameridhia, tukaozeshwa. Miaka mingi baadaye aliniambia siku ile alikuwa pia anaumwa jino.

Jumatatu nilituma faksi ya kukataa nafasi. Karatasi ya uthibitisho niliitoboa, nikaiweka kwenye faili.

Siku kumi na nane baadaye binti alishuka ngazi na fomu ya viza, akaomba pesa za kupigia picha. Nikamwambia tulishakataa. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, polepole kama anayenisomea barua: hakusema ndiyo. Alinyamaza kwa kuwa alitaka kwenda, na hakutaka kunibishia mbele ya mama yake. Kwake, jambo ambalo hajalikubali kwa mdomo lilikuwa bado halijaamuliwa.

"Ungesema," nikamwambia.

"Ungeniuliza tena," alisema, na hili alilisema kwa Kiswahili.

Nilipiga simu chuoni. Mama mmoja mpole aliniambia nafasi na ufadhili vimekwenda kwa mwingine. Akaniuliza kama nina swali jingine. Sikuwa nalo. Nilikwenda kazini, nikapanga zamu za wiki nzima bila kosa hata moja.

Binti alisoma hesabu katika chuo cha hapa, akienda na kurudi kwa treni, na kwa miaka mitatu hatukulizungumza. Sijui mpaka leo kama nilimwepusha na risasi au nilimnyima maisha aliyoyataka. Jambo lisilotokea halina ushahidi. Faili linaonyesha tu vilivyolipiwa: ada ya maombi, amana, faksi na simu ile moja. Jumla, paundi mia nne na kumi na mbili.