Ngozi Ndani ya Pampu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka hospitali ya Miyuji: fundi wa pampu amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka, maana niliwahi kuwaandikia jinsi alivyoizunguka Kongwa yote kwa pikipiki, spana kazifunga nyuma. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha ng'ambo kilichotuuzia pampu za mkono tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na kwa watu wa Mlali yeye ndiye aliyekuwa kiwanda. Sura nyingine hawakuwahi kuiona, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo alikuja mhandisi kutoka makao makuu, nami nikaombwa kutafsiri. Fundi alikuwa amekwisha kunitobolea siri yake: mipira ya kiwandani, ile inayobana maji ndani ya pampu, haihimili mchanga wa visima vyetu, hukatika kabla msimu haujaisha, kwa hiyo yeye huitoa na kuweka ngozi ya ng'ombe aliyoikata mwenyewe. Kiwanda kilikataza, na mwenzake mmoja wa Manyoni alifukuzwa kwa kosa hilohilo. Mhandisi alisukuma mpini, maji yakatoka, akauliza mpira ule umedumu vipi miaka yote. "Mwambie ni uleule waliotuletea," fundi aliniambia, macho kwenye viatu vyake. Nikatafsiri bila kigugumizi. Mgeni akafurahi, akaandika kwenye daftari, na kwao wakaendelea kutengeneza mpira uleule. Nami, aibu yangu, nikaja hapa safuni kuusifu uimara wa bidhaa zao.

Kampuni ya kigeni ikikaa miaka mingi tunasema imeota mizizi. Siku hizi najiuliza mizizi hiyo ni ya nani. Wao walileta chuma, na kilichokibakiza chuma hicho ardhini ni akili ya mtu waliyemfundisha kuogopa. Siwalaumu peke yao; walitaka habari njema, tukawapa. Ndivyo tulivyo hata maofisini kwetu: mkubwa akija kukagua, tunayapaka mawe chokaa.

Tulimzika Mlali. Maji ya kupikia msibani yaliletwa na punda kutoka kijiji cha pili, maana pampu ilikwama tangu fundi alipolazwa. Baada ya maziko alinifuata mama mmoja wa kamati ya maji. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe ulikuwa unatembea naye. Ngozi tunayo, na tumeshakata mara mbili, haishiki. Hivi yeye alikuwa anailoweka kwenye nini?"

Nikamwambia sijui, sikuwahi kumuuliza. Akaokota ndoo yake, akaenda.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kimeniumbua mimi. Niliitunza siri ya rafiki yangu nikidhani namlinda, na kwa kweli nilimlinda, hakufukuzwa kazi hadi alipokufa. Ila ujuzi uliofichwa kwa hofu haurithiwi na mtu. Nimewaandikia wenye kiwanda, kwa lugha yao, yale niliyopaswa kuyatafsiri siku ile. Nimeandika kila kitu nilichokijua, na barua haikufika hata nusu ukurasa.