Kopo la Jinsengi Lisiloisha

Jina la Mama Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, maana ukimpelekea suruali ya kukunja pindo asubuhi, mchana unaivaa, na mshono wake huuoni hata ukiutafuta kwa miwani. Mwaka wa thelathini huu yuko kwenye cherehani. Chumba chake cha kazi ndicho chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia nguo katikati, kioo chenye ufa pembeni, na mkasi mweusi mzito ambao ole wako uukatie karatasi. Mumewe, fundi saa, mtu wa maneno matatu kwa siku, aliwahi kufungulia bahasha kwa mkasi huo. Alinuniwa wiki nzima. Mpaka leo bahasha anazichana kwa meno.

Basi Mama Pindo alipotimiza miaka hamsini na moja, hedhi ilikuwa imeshakoma, na mahali pake pakaja joto. Joto gani hilo! Lilipanda kifuani mpaka utosini bila hata kupiga hodi. Yuko anampima mteja kiuno, ghafla jasho chururu, futi inamteleza mkononi. Anafungua dirisha, anafunga, anafungua tena. Mama mkwe wake, ambaye wanaishi naye na wanapendana kwa kutaniana, alikuwa akimtazama tu kutoka kitini.

"Mwanangu," akasema siku moja, "hilo dirisha nalo lina haki ya kupumzika."

Aliyeleta jinsengi ni wifi yake, dada wa fundi saa. Wifi huyu anauza dawa za mitishamba, na ana dawa ya kila kitu isipokuwa ya mdomo wake. Alikuja nayo, mzizi mkavu wa rangi ya udongo, una kichwa, una mikono, una miguu miwili imepishana. Mama mkwe alipouona akaruka.

"Mungu wangu! Mnataka kumchemsha mtoto wa nani?"

Wifi akacheka, akautwanga, akauchekecha, akautia unga wake kwenye kopo la bati. Kijiko kidogo hakikuonekana, kwa hiyo akachukua kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni sindano isimchome. "Kipimo ni hiki. Kastabini moja kwa siku, ndani ya chai. Moja tu, wifi yangu. Wako wanawake wanaosema inawasaidia, wako wasioona kitu. Wewe jaribu."

Hapo ndipo shida ilipoanzia, na shida yenyewe haikuwa mzizi. Miaka yote Mama Pindo alikuwa akiziita dawa za wifi yake chakula cha mbuzi. Alikunywa wiki moja, akaona kama joto limelegea kidogo. Sasa akubali? Ampe wifi ushindi? Thubutu! Akatangaza mezani, mbele ya wote, "Mimi nimeacha. Uchungu mtupu, na joto liko palepale." Uongo mtupu! Kila asubuhi, kabla wengine hawajaamka, alikuwa akichota kastabini yake moja, anakoroga, anakunywa, anapangusa midomo kama mwizi wa sukari.

Wakati huohuo binti yake wa pekee, mwalimu wa watoto wadogo, akapata mchumba, na harusi ikapangwa. Tangu akiwa na miaka saba, akilala chini ya meza ile na kuokota pini kwa sumaku, aliahidiwa kwamba gauni lake la harusi litakatwa na mama yake juu ya meza hiyohiyo. Akaleta satini ya rangi ya maziwa, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Mama, kazi kwako." Zilibaki wiki sita.

Satini haina msamaha. Ukikata vibaya, umeharibu. Mama Pindo aliikata miaka yote bila wasiwasi, lakini safari hii alipoweka chaki juu yake, mkono ulitetemeka na mstari ukaenda upogo. Akaukunja mzigo. Kesho. Kesho yake kutia uzi kwenye tundu la sindano kulimchukua mara nne, na moyo ulikuwa unamdunda kama aliyepanda ngazi. Usingizi ukamkimbia. Akasema kesho tena, na kesho hizo zikafika wiki tatu.

Aliogopa jamani, tusifiche. Alijiambia kwamba mikono imeisha, kwamba Mungu ameichukua mapema, na kwamba binti yake ataolewa ndani ya gauni la mtu mwingine. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwambie nani? Siku moja aliitia satini kwenye mfuko akaenda nayo hadi mlangoni kwa fundi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mapindo yake yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Akasimama. Mkono ukagoma kugonga. Akageuka, akarudi akilia, na aliokutana nao njiani akawaambia ni vumbi.

Kitu pekee kilichomliwaza ni lile kopo. Kila akichungulia, unga uko palepale, siku nyingine hata umeongezeka. "Kweli mzizi huu una baraka," alijisemea, "hauishi!" Mwanamke anayejua kitambaa kimepungua sentimita moja kwa kukitazama tu, akaamini kopo linajijaza lenyewe.

Binti ndiye aliyegundua. Alifungua satini aone kazi imefika wapi, akakuta mistari ya chaki imepinda kama njia ya konokono. Aliishika mikono ya mama yake, akaisikia inavyotetemeka, akaibusu, kisha akasema, "Kesho kliniki." Mama Pindo akataka kubisha, binti akaanza kukunja satini.

Waliongozana wote. Fundi saa alifunga kibanda chake, jambo ambalo hufanya kwa msiba tu. Mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. "Nikae nimlinde nani, paka?" Daktari, mama mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alipima presha, akasikiliza moyo, akamwambia Mama Pindo anyooshe mikono. Halafu akauliza kuna dawa gani anatumia.

Mama Pindo akatazama sakafu. "Hamna. Yaani... jinsengi. Kastabini moja asubuhi, kwa ajili ya joto."

"Mama!" binti akashtuka. "Si ulisema umeacha?"

"Niliwaambia hivyo. Sikuacha."

Fundi saa akakohoa. "Mimi," akasema, na ilionekana wazi kwamba leo atavuka maneno yake matatu, "nilisikia umeacha nikakuonea huruma. Nikawa naweka kastabini moja kwenye chupa yako ya chai ya kazini. Kila siku. Na kopo likipungua najaza."

"Unajaza?" akasema mama mkwe. "Mimi ndiye ninayejaza! Namwekea moja kwenye uji wa saa nne. Uji ni mzito, uchungu hausikiki."

Wote wakamgeukia binti, ambaye tayari alikuwa ameziba uso kwa viganja. "Chai ya jioni," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nimejaza mara mbili."

Daktari akaweka kalamu chini. "Moja, mbili, tatu, nne. Na chai yenyewe juu yake, nayo inafukuza usingizi." Alijitahidi asicheke, akashindwa, kisha akawa na uso wa kazi. "Mzizi huu ukizidi unaweza kumnyima mtu usingizi, kuuendesha moyo wake mbio na kumtetemesha. Presha nayo imepanda kidogo. Acheni kabisa, nyote. Tutapima damu tuhakikishe hakuna kingine, na wiki ijayo urudi. Joto lina njia zake, tutazungumza. Lakini mama, ukitumia chochote, hata kiwe kimetoka shambani, tuambie. Nanyi msimtilie mtu dawa bila yeye kujua, hata mkimpenda vipi."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Njiani Mama Pindo alifoka. "Mnanitilia dawa kwa siri kama ng'ombe!"

"Na wewe ulitudanganya kama watoto," mama mkwe akajibu, bila kupunguza mwendo. "Tumelipana."

Walipompigia wifi simu, alipiga yowe. "Nyie watu! Kila mmoja alikuja kununua kwangu kivyake akaniapisha nisiseme. Nikadhani nyumba nzima imeshikwa na joto, hadi kaka yangu!" Mama Pindo alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na kicheko kikageuka kilio, maana ilimwingia sasa hivi kwamba wiki zote zile alizodhani yuko peke yake na hofu yake, watu watatu walikuwa wananyata jikoni kwa ajili yake.

Usingizi ulirudi kwanza. Moyo ukatulia, majibu ya damu yakatoka mazuri, na siku ya nane uzi ukaingia kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Joto nalo likarudi, tena na wenzake. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Akafuta chaki yote, akachora upya. Mstari ukanyooka. Akaushika mkasi mweusi, akaanza kukata kuanzia begani, na alipofika katikati, palepale mkasi ukiwa wazi ndani ya satini, joto likapanda. Jasho likajaa kwenye nyusi. Akiinua mkono, atapoteza mstari. Akibaki, tone litaanguka kwenye kitambaa. Zamani angeng'ata meno, asimwambie mtu.

"Nisaidieni," akasema.

Neno hilo halikuwahi kusikika katika nyumba ile. Watatu wakagongana mlangoni. Mama mkwe akampangusa paji la uso kwa taulo, binti akashika ncha ya satini, na fundi saa, aliyenyakua kifuniko cha boksi la saa, akawa anampepea kama anayewasha jiko. Mkasi ukaenda. Ukaenda taratibu, kwa sauti yake ileile ya miaka thelathini, mpaka mwisho wa kitambaa, na hakuna hata tone lililoanguka.

"Umenyooka," akasema fundi saa.

Mama Pindo akashusha pumzi. Akautazama mkasi wake, akamtazama mumewe aliyekuwa bado anapepea, akampa aushike. Fundi saa akaupokea kwa mikono miwili, na safari hii mikono iliyotetemeka ilikuwa yake.