Nilimchelewesha mwalimu mstaafu Karatu huku Styles za Word nazijua

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Hiki kisa hata mke wangu sijamsimulia, na sijakitia chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilitoka Rombo kwenda Karatu kutafuta kazi ya tour guide. Ikagoma. Nikaangukia kwenye stationery moja pale mjini, natype barua na risala.

Sikuwa na ndugu mji ule. Kiiraqw, lugha ya wenyeji, sijui, kanisani nakaa benchi la nyuma, mteja akishachukua karatasi zake ndiyo imetoka hiyo. Kuna wiki nilikuwa naongea na printer. (Cheka tu, hayajakukuta.)

Siku moja akaja mwalimu mstaafu, Mwiraqw wa mashambani huko juu, na madaftari mawili makubwa, zile kaunta buku. Ameandika historia ya ukoo wao. Alitaka kwenda kumsomea dada yake mkubwa huko Mbulu, aliyemlea, ambaye sasa ni bibi kizee.

Nikatype yote. Ikabaki kupanga: vichwa vya habari vifanane, aya ziingie ndani kidogo, mistari isibanane.

Wanaojua Word wananielewa. Ukitumia Styles, unarekebisha Heading mara moja, vichwa vyote vinafuata. Aya nazo hivyo hivyo. Nilikuwa najua! Nilijifunza mwenyewe kwenye Help, muda si nilikuwa nao.

Lakini mwalimu alikuwa anakaa nami nikiifanya kazi yake. Jumanne na Ijumaa anakuja na viazi vitamu vya kuchemsha, tunakula, ananiuliza mama yangu anaendeleaje. Karatu nzima hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii inapangwa aya moja moja."

Nikawa nasogeza maneno kwa space bar, nashusha mistari kwa Enter, yeye pembeni ananipa stori za ujana wake. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye.

Wiki ya tatu akauliza, "Kijana wangu, haiwezi kwenda haraka kidogo? Dada hajisikii vizuri."

"Kompyuta ndivyo zilivyo, mwalimu. Subira yavuta heri."

Yaani nilimpiga methali mwalimu wa Kiswahili, jamani.

Ijumaa iliyofuata akaja binti yake. Akasema shangazi yake amefariki, baba ametangulia msibani, ameagiza kazi iletwe hivyo hivyo ilivyo.

Niliona aibu kuitoa imeparaganyika. Nikafuta zile space zote kwa mpigo kwa Replace, nikaweka Styles, nikaprint. Binti alikuwa amesimama mlangoni, hata kiti hajavuta.

"Kaka, kumbe ni kazi ya muda mfupi hivi?"

Nikapiga stapler, nikampa.

Mwalimu hakurudi tena. Simlaumu.

Nilichojifunza: upweke ukikubana, mwambie mtu "kaa kidogo tuongee." Yule mzee angekaa. Mimi nilichukua siku ambazo zilikuwa za dada yake.

Kuna mwingine humu aliyewahi kumchelewesha mtu kwa kuwa hakutaka aondoke? Semeni. Hata wa kunitukana karibuni, nitasoma zote.