Debe la Mahindi Nililomficha Mzee Musembi

Kosa langu la kwanza na farasi, mwanangu, lilikuwa la ukarimu. La pili lilikuwa la uongo, na hilo ndilo nusura limuue farasi wangu.

Nakuita mwanangu na mimi sijafika hata miaka thelathini na tano. Nivumilie. Hapa Kasikeu hakuna mwingine wa kukueleza mambo ya farasi, na mzee aliyenieleza mimi tulishamzika.

Niliwapenda tangu utotoni, kule Mutomo, kabla sijamwona hata mmoja kwa macho. Kulikuwa na picha ya farasi kwenye kalenda ya zamani jikoni kwa susu, nyanya yangu. Tukienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, nilipanda punda katikati ya mitungi, nikamfunga hatamu ya kamba ya katani na kumwambia, "Mbio, mbalasi!" Ndilo jina la farasi kwa Kikamba. Punda alisimama akala kichaka, na mto mzima ukanicheka. Sikuacha.

Nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vilivyochanika na video za simu. Kila nilichojifunza nilikiandika katika daftari, mistari nimeipiga kwa rula. Neno moja likiharibika, nilirudia ukurasa mzima. Huo ndio ugonjwa wangu, na sijapona.

Kisha nikampata Mwende, poni jike wa rangi ya udongo, amekonda, mmiliki wake amechoka kumtembeza kwenye maonyesho akibeba watoto. Nilimleta nyumbani kwa miguu. Hata maji hajanywa, jirani yangu Mama Mutheu akafika uani.

"Kyalo, hii mbalasi inakamuliwa?"

"Hapana, mama."

"Inachinjwa?"

"Hapana."

"Inalima?"

"Mama, hailimi."

"Basi hiyo si mifugo, ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Nilicheka naye, lakini lilinichoma. Nikaapa kwamba Jumapili, watu wakipita kwenda kanisani, watamwona Mwende ananawiri mpaka wanyamaze. Na wewe unajua desturi yetu: mgeni aliyetoka mbali haulizwi kama ana njaa, anajaziwa sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Mimi nikamjazia Mwende debe zima la mahindi. Katika daftari nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Debe moja. Amemaliza yote."

Asubuhi nilimkuta amelala chini, jasho linamtiririka, anajigeuza na kulitazama tumbo lake kama mtu anayeuliza kuna nini. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, kisha nikamwita Mzee Musembi, aliyekuwa saisi ujanani mwake, akitunza farasi kwenye ranchi za huku chini. Kabla hajafika nilichana ule ukurasa, nikautia mfukoni.

"Amekula nini?" akauliza.

"Nyasi, mzee."

"Nyasi gani?"

"Za kawaida tu."

Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa Mwende, akakaa hivyo muda mrefu.

"Tumbo limenyamaza," akasema. "Sasa sikia, kijana. Daktari yuko njiani, na atatibu kile utakachomwambia wewe. Huyu hana mdomo wa kusema. Na farasi hatapiki. Kilichoingia kina mlango mmoja tu wa kutokea. Nakuuliza tena, na sitauliza mara ya tatu."

Nje ya ua alikuwa amesimama Mama Mutheu na nusu ya soko. Nilijua nikisema, nitachekwa mpaka Nunguni. Nikinyamaza, Mwende atakufa. Naona aibu kukiri, mwanangu, kwamba nilisita. Mkono ulikuwa mfukoni, na ulisita.

Ndipo nikautoa ule ukurasa.

Mzee Musembi aliusoma polepole. "Mwandiko mzuri," akasema. "Ungemzika nao. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulitaka kuficha yako ili afe mwingine."

Daktari alipofika aliambiwa ukweli wote. Akamtia Mwende mafuta tumboni kwa mpira uliopitia puani, akasema asile kitu, atembezwe. Nikamtembeza. Tulizunguka boma mpaka viatu vyangu vikafunguka soli.

"Kyalo!" Mama Mutheu akaita. "Hata bibi arusi hatembezwi hivyo!"

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mwende alipoinua mkia na kudondosha samadi. Mzee Musembi alivua kofia. Mama Mutheu akasema, "Bwana asifiwe!" na watu wakapiga makofi. Sijawahi kuona mavi yakishangiliwa hivyo.

Basi, mwanangu, sikia. Watakuuliza unachokipenda kina faida gani. Usihangaike kutafuta jibu la kuwapendeza. Mpaka leo Mwende hakamuliwi, halimi, na sitaomba radhi kwa kumpenda. Waache waulize, wewe msugue farasi wako. Lakini usimlishe kwa ajili ya macho yaliyo nje ya ua. Mimi nililisha macho ya Mama Mutheu, na tumbo likawa la Mwende. Na ukikosea, maana utakosea, litaje kosa mapema, kwa sauti, mbele ya haohao wanaokucheka. Kicheko hakijaua mtu. Anayepotea njia huijua, lakini si kama anafuta nyayo zake.

Mungu akupe kitu cha kupenda ambacho majirani hawakielewi, na ujasiri wa kukipenda mchana. Akupe pia mzee mmoja wa kukuuliza mara ya pili.

Mimi bado napiga mistari kwa rula, na bado natamani kurudia ukurasa mzima nikiharibu neno. Ule ukurasa wa debe moja nimeubandika kwenye mlango wa banda la Mwende, na tangu siku ile sijachana mwingine.