Picha ya Pili

Mke wangu alikunywa chupa mbili za maji kwenye benchi la kituo cha afya pale Karatu, akafuta mdomo kwa ncha ya shuka, akaniuliza kwa Kimasai kama watu wa mjini wana wazimu. Kwao Nainokanoka maji hubebwa na punda, na hakuna anayeyanywa bila kiu. Nikamweleza alichosema nesi: kibofu kikijaa, tumbo linaonekana vizuri zaidi kwenye mashine.

"Basi waambie wafanye haraka," akasema, "kabla sijawaonyesha maji yenyewe."

Ilikuwa mimba yetu ya kwanza, ya miezi mitano. Mimi ni mtoto wa wakulima wa ngano wa Mbulumbulu. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu barabara ilipita karibu mno na dirisha. Nimekuwa utingo wa malori ya maharage, nimeosha magari ya watalii, nimeswaga punda wa mizigo ya wageni wanaotembea kwa miguu kule nyanda za juu. Huko ndiko nilikojifunza Kimasai, na huko ndiko nilikooa. Kila mashine niliyokutana nayo nilitaka kujua inafanyaje kazi. Kwa hiyo mama anayeendesha mashine ya altrasaundi alipofungua mlango na kusema, "Baba naye anaweza kuingia," niliingia kabla ya mke wangu.

Chumba kilikuwa na giza kidogo. Alimpaka jeli tumboni, mke wangu akashtuka kwa baridi. Niliuliza kama ile mashine inaunguza. Niliuliza picha inatoka wapi kama hakuna taa inayoingia tumboni.

"Ni sauti tu, haiumizi," akasema. "Inaingia, inagonga, inarudi. Mashine inachora ilikogonga."

"Kama kupiga kelele ukingoni mwa kreta."

Akacheka, akasema hajawahi kuelezwa hivyo. Alipima kichwa, akapima mfupa wa paja, akatuonyesha moyo. Ulikuwa unakwenda mbio kama kwato za mbuzi wakishuka kwenye mawe. Mke wangu akashika kidole changu kimoja.

Kisha yule mama akakishusha kile kifaa chini ya kitovu, akakandamiza, akatazama kwa muda. Mimi nilikuwa bado nauliza kuhusu vitufe.

"Baba, sasa acha mashine, nisikilize mimi."

Akaniambia kondo la nyuma limekaa chini, limefunika njia ya mtoto. Mara nyingi hupanda lenyewe kadiri tumbo linavyokua, ndiyo maana lazima mama arudi mimba ikiingia mwezi wa nane, apigwe picha ya pili. Likibaki palepale, atazaa kwa upasuaji. "Na damu ikitoka, hata kidogo, hata kama hasikii maumivu, msisubiri chochote. Aletwe hospitali. Mwambie na anayekaa naye nyumbani."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa.

"Amesema nini kirefu hivyo?" mke wangu, ambaye Kiswahili hakijui, akauliza tulipotoka.

Nilimwambia mtoto ni mzima na tutarudi tena. Niliona hakuna haja ya kumtia hofu. Nikajiambia nitamwambia mama yake, ndiye mkunga wa boma zima.

Sasa, kwa Wamasai mkwe hakai karibu na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, wala hataji mbele yake mambo ya mwili wa mwanamke. Vijana wao siku hizi wamelegeza, wengine wanapigiana simu na mama wakwe na kutaniana. Mimi, mtu wa kuja, niliishika mila hiyo kuliko wao. Wazee walinisifu, wakasema huyu mkulima amelelewa. Nilizipenda sana sifa hizo.

Njiani kwenda Nainokanoka nilijaribu kuyapanga maneno. Kila nilivyoyapanga, lilibaki moja lisilotamkika kwa mama mkwe. Tulipofika nikasimama nje, nyuma ya ukuta wa nyumba, kama nilivyozoea. Ndani mama mkwe alikuwa na wanawake wengine wawili.

"Yeyo," nikasema, kwa jina ambalo Wamasai humwita mama, "daktari anasema binti yako arudi, mimba ikiingia mwezi wa nane."

"Kufanya nini?"

"Kupigwa picha."

"Picha si amepigwa leo?"

"Ya pili."

Mwanamke mmoja akadakia, "Kwani ya kwanza mtoto alifumba macho?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nyuma ya ukuta. Nikasema nitakuja kumchukua mwenyewe siku ikifika, nikamwacha mke wangu kwao, nikaondoka.

Siku ilipokaribia nilikuwa Olbalbal na lori la mahindi. Tulikuta watu wanachimba kisima kwa mashine, bomba juu ya bomba. Nilitaka kuona maji yakitoka. Lori likarudi bila mimi. Nikakaa siku tatu nikitazama udongo unaobadilika rangi, mahali ambapo simu haishiki. Maji hayakutoka.

Siku ya pili kati ya hizo, asubuhi, mke wangu aliona damu. Hakuwa na maumivu yoyote. Mama yake alimlaza, akamchemshia supu ya dawa, akasubiri uchungu uanze. Alasiri damu ikazidi, wakatafuta gari la mwenye duka. Hospitali walimwokoa mke wangu. Mtoto, wa kike, alitolewa akiwa ameshakufa.

Nilipofika hospitali, mama mkwe alikuwa uani, ameshaelezwa picha ya pili ilikuwa ya nini. Alinijia, akasimama karibu yangu kuliko siku zote.

"Ulijua?"

"Nilijua, yeyo."

"Nilikaa pale nasubiri uchungu. Ungenitukana. Ungesimama mlangoni ukayataja yote, nikakukasirikia mwaka mzima."

Mke wangu hakuniuliza kitu kwa siku nyingi. Alipouliza, aliuliza moja tu: kama kisima kilitoa maji.

Mwaka juzi alishika mimba tena. Tulikwenda Karatu watatu, mama mkwe akiwa mbele. Yule mama wa mashine alikuwa yuleyule. Kabla hajapaka jeli nilimwomba aeleze yote ya kuangaliwa, kisha nikamgeukia mama mkwe na kuyasema kwa Kimasai: kondo, njia ya mtoto, damu isiyo na maumivu. Alijifunika shuka hadi machoni, lakini masikio aliyaacha nje.

"Muulize," akasema kutoka ndani ya shuka, "safari hii limekaa wapi?"

Nikauliza. Yule mama akapaka jeli, akatazama: lilikuwa juu, mbali na njia.

"Basi mwambie asinikandamize," mke wangu akasema kitandani, "maji yananizidi."

Mama yake akacheka. Mimi nilitoka nikakaa kwenye benchi. Chupa ya mke wangu ilikuwa pale, tupu. Maneno yote niliyomwambia mama yake, tangu la kwanza hadi la mwisho, yalikuwa yamechukua muda mfupi kuliko ule alioutumia mke wangu kuinywa.