Waya wa USB na Fyuzi ya Waipa

Asubuhi ile ya Jumapili sitaisahau, mwanangu. Lori lilikataa kuwaka kule Manga, na akina mama walikuwa wamekwisha kupanga mikungu yao ya ndizi kando ya barabara wakingoja kwenda sokoni Kisii. Wakati huo mvi zilikuwa zimeanza kuniota, lakini kwa udereva nilikuwa bado mchanga. Lori lilikuwa la shemeji yangu, Mogaka. Alinipa nilifanyie kazi baada ya mume wangu kufariki, na si wote pale nyumbani waliofurahi.

Kila Jumamosi, siku yetu ya Sabato, lori lilipumzika, na kila Jumapili tulikuta betri imekufa. Tukanunua mpya, nayo ikafa. Mogaka akapiga simu.

"Shemeji, Jumapili ijayo likikataa tena, nampa Ombati, yule dereva anayeitaka kazi yako, aliendeshe."

Nikajiambia, lori hili halitoki mkononi mwangu.

Nilitafuta testa, kile kipimio cha umeme, nikaanza kupima. Ufunguo nilikuwa nimeuchomoa, lakini yale matundu ya USB ya kuchajia simu kwenye dashibodi yalikuwa bado na moto wa umeme, na kidude cha nyimbo kilichochomekwa humo kinawaka. Aliyeyafunga aliyaunganisha na fyuzi isiyozimika hata ufunguo ukitolewa. Betri ilikuwa ikinyonywa hata lori likiwa limelala.

Dawa ilikuwa kuhamisha ule waya kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Nikapima, nikaona ya waipa, zile za kupangusa kioo, inafaa. Nilikuwa naingiza waya Mzee Onchiri, jirani yetu aliyestaafu udereva, alipochungulia mlangoni.

"Unaunganisha nini hapo?"

"USB, tata," nikamjibu, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Kwa waipa? Mama Kemunto, mvua ya huku unaijua. Hiyo kitu ikipiga shoti, fyuzi ikaungua, barabara utaiona na nini?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kumaliza. Lakini niliuchomoa waya, nikapima tena mpaka nikapata nafasi tupu kwenye kisanduku cha fyuzi, inayozimika na ufunguo. Nikauweka pale na fyuzi yake ndogo, peke yake.

Jumapili iliyofuata Ombati alifika kweli, amevaa koti la kazi. Nikawasha mbele yake. Lori likanguruma papo hapo. Akacheka, kisha akavua koti akanisaidia kupakia ndizi.

Miezi ikapita. Siku moja tukiteremka kwenda Kisii, mvua ikapiga dirishani na maji yakaingia kwenye tundu la USB. Likapiga shoti, ile fyuzi yake ndogo ikaungua, simu zikaacha kuchaji. Waipa ziliendelea kupangusa kioo, nami nikawafikisha akina mama wale salama.

Basi nisikilize, mwanangu. Wakisema kazi huiwezi, usipoteze muda kubishana. Ishike, utafute ugonjwa ulipo kabla ya kununua dawa. Ila starehe yako usiitundike kwenye kitu kinacholinda uhai wa watu. Na mtu akikukosoa ukiwa umekasirika, nyamaza kwanza, uyapime maneno yake.

Mungu aibariki mikono yako, akutangulie katika kila mteremko, na wanaokungoja nyumbani wakuone ukirudi.